Gari la Zahanati na Baridi ya Asubuhi

Kibondo
2 Juni 1975

Mjomba Kipriani,

Shikamoo. Huku mimi mzima, ukiacha mafua ambayo kila mtu wa Kibondo anayo mwezi huu. Mama ameniandikia kutoka Rungwe Mpya. Anasema maharage yamekauka vizuri, mbuzi amezaa mapacha na mmoja amekufa, na goti lake linamsumbua akipanda kilima cha kanisani. Anasema pia kwamba anapofika huko juu anawaambia watu wote kuwa mwanawe anaendesha ambulensi na kaka yake ni fundi magari wa Kasulu. Nasikia anaanza na wewe, mimi ninafuata.

Hilo la ambulensi ndilo linaloniandikisha barua hii. Unajua Sista Immakulata, mkuu wa zahanati yetu, alinichukua kwa majaribio ya miezi sita kuanzia tarehe mosi Machi. Yanaisha tarehe thelathini na moja Agosti. Alinichukua mbele ya watu wanne wenye leseni za zamani kuliko yangu, kwa sababu aliambiwa mimi ni mpwa wa fundi Kipriani, na akaamini kwamba gari litakuwa na watu wawili wa kulitunza kwa ajira ya mmoja.

Sasa gari lenyewe, Landrova ndefu ya petroli, lina ugonjwa wa asubuhi. Linawaka kwa stata bila shida, ila halikai sailensa. Wewe unajua maana yake kuliko mimi: ukiondoa mguu kwenye mafuta, injini inatakiwa ingurume yenyewe polepole, ikisubiri. Hii haisubiri. Inatetemeka kama mtu mwenye homa, inakohoa mara sita saba, inazima. Ikifika robo saa, ikipata joto, inatulia kabisa. Saa mbili asubuhi ungedhani ninalisingizia.

Utaratibu wa Sista ni kwamba mgonjwa wa kupelekwa hospitali akiwa tayari, gari liwe mlangoni linanguruma, na dereva awe chini akisaidia kumbeba. Mimi siwezi kushuka. Nikishuka linazima. Kwa hiyo Sista na mhudumu wanabeba machela, na mimi nimekaa juu nimekanyaga mafuta kama chifu anayengoja kusalimiwa.

Basi kutoka Kasulu ni siku moja tu. Ungekuja ukalisikiliza kwa masikio yako, ningelala usingizi.

Mpwa wako,
Bazilio


Kasulu
13 Juni 1975

Mpwa wangu Bazilio,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe tisa. Hapa nyumbani tuko salama, mke wangu Winifrida anakusalimu na anauliza kama yule kuku aliyekupa alifika Kibondo akiwa hai. Mjulishe.

Kuja siwezi. Karakana imejaa, na tajiri wangu Khatibu hanipi hata Jumapili. Tutalitibu gari kwa barua.

Injini ya petroli ikiwa baridi inataka mafuta mengi na hewa kidogo, ndiyo maana kuna choki. Kwanza hakikisha kwamba ukivuta choki ndani ya gari, kile kibati cha mdomoni mwa kabureta, panapochanganywa hewa na petroli, kinafunga kweli. Waya wake ukilegea, wewe unavuta na kibati kinalala. Kisha fungua plagi zote nne utazame rangi. Zikiwa nyeusi na kavu, mafuta yanazidi. Zikiwa nyeupe, hewa inazidi. Zikiwa rangi ya kahawa yenye maziwa, achana nazo.

Nataka unijibu mambo matatu. Linazima mara ngapi kabla ya kutulia? Plagi zina rangi gani? Na tangu ulichukue gari hili, wewe mwenyewe umegusa nini chini ya boneti? Jibu yote matatu.

Mjomba wako,
Kipriani


Kibondo
24 Juni 1975

Mjomba,

Shikamoo. Kuku alifika hai. Hakukaa hai siku nyingi. Mwambie mkaza mjomba Winifrida kwamba alikuwa mnono na kwamba tulimkumbuka yeye tulipokuwa tunamla.

Nimeanza na choki. Nilimweka mhudumu wetu ndani avute, mimi nikaingiza kichwa chini ya boneti nitazame kibati. Nikamwambia, "Vuta." Akabonyeza honi. Nilipiga kisogo kwenye boneti na Sista akanishona nyuzi mbili, akisema ni mara yake ya kwanza kumtibu mtu aliyejeruhiwa na gari lililosimama. Kibati kinafunga vizuri.

Plagi nikazifungua Jumamosi. Nilikuwa mwangalifu, nikazipanga juu ya gazeti kwa mstari. Sikufikiria kwamba nyaya zake nazo zina mpangilio. Nilipozirudisha, gari lilitoa mlio mmoja kama bunduki, na wagonjwa wa nje wote, hata wale wenye vidonda vya miguu, walifika kwenye geti kabla ya moshi. Mwalimu mmoja aliyewahi kuwa na pikipiki alinisaidia kupata mpangilio. Tulijaribu njia zote mpaka ikabaki moja.

Linazima mara tano mpaka saba. Rangi ya plagi, kwa kadiri ya macho yangu, ni nyeupe nyeupe.

Kuna mtu hapa anaitwa Harerimana, aliendesha malori Burundi kabla ya kukimbilia huku mwaka sabini na mbili. Anakuja kila Ijumaa kusafishwa kidonda cha mguu. Kila Ijumaa anasimama mbele ya gari langu, anasikiliza, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Wiki iliyopita Sista alimuuliza kama leseni yake inatambulika upande huu. Nilikuwa karibu, ninafuta kioo. Nilikifuta muda mrefu.

Wewe ulipokuwa unatengeneza magari ya namna hii, ulianza wapi? Niambie tu ulichofanya wewe, nami nitafuata.

Bazilio


Kasulu
9 Julai 1975

Mpwa wangu,

Barua yako ya tarehe ishirini na nne imenifikia juzi. Kondakta wa basi aliiweka kwenye mfuko wa shati, shati likafuliwa. Nimeisoma kwa kuinua kwenye mwanga, na kuna sehemu kuhusu bunduki ambayo natumaini sikuisoma vizuri.

Hapa ni baridi kuliko huko. Alfajiri nyasi zinang'aa kama zimepakwa chumvi. Winifrida ana kikohozi lakini analima.

Plagi nyeupe maana yake hewa inazidi, na hewa ikizidi kuna mahali inapoingilia. Kabla ya kuitafuta, ondoa mengine. Safisha pointi za distributa, kile kigawa umeme wa plagi, kwa msasa laini. Safisha chujio la petroli. Kaza nati za kabureta, lakini usizikaze kama unafunga mzigo wa mkaa.

Kisha nunua daftari. Kila asubuhi kwa siku saba andika saa uliyowasha, hali ya hewa, stata mara ngapi, limezima mara ngapi, limetulia saa ngapi. Usiandike injini peke yake. Andika kila kitu cha gari ulichokiona asubuhi hiyo, hata kama ni mbuzi aliyelikojolea tairi. Usichague wewe. Nitachagua mimi.

Hukujibu swali la tatu.

Kipriani


Kibondo
22 Julai 1975

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa mkaza mjomba na kikohozi. Mimi nyuzi zimetolewa. Mama ameandika tena: goti limepata nafuu, lakini sasa ameshaahidi kwa mke wa katekista kwamba nitampeleka Kasulu mjini kwa ambulensi. Nimemjibu kwamba lazima kwanza augue.

Pointi nimesafisha, chujio nimesafisha, nati nimekaza kwa adabu. Hakuna kilichobadilika, isipokuwa sasa mikono yangu inanuka petroli na Sista hataki niguse bandeji.

Daftari ni hili, nimenakili neno kwa neno.

14 Julai. Saa 12.05. Ukungu. Stata mara mbili. Limezima mara sita. Limetulia 12.21. Breki ngumu. Hakuna mbuzi.

15 Julai. Saa 12.10. Baridi kali. Stata mara mbili. Limezima mara saba. Breki ngumu, nimegusa nguzo ya geti. Nguzo haina neno. Limetulia 12.28.

16 Julai. Saa 12.00. Limelala limebanwa kwenye ukuta wa jiko, kwa sababu uani paliwekwa magunia. Wapishi wamewasha moto saa kumi na moja. Stata mara moja. Halikuzima. Breki laini. Nadhani linapenda harufu ya uji.

17 Julai. Limerudi mahali pake. Saa 12.05. Limezima mara sita. Breki ngumu. Mbuzi mmoja, tairi la nyuma kulia.

18 Julai. Ijumaa. Saa 12.15. Limezima mara tano. Breki ngumu. Harerimana amefungua mdomo kwa mara ya kwanza. Amesema, "Bwana mdogo, gari lako linapumua pabaya." Nikamwambia akapumue kwake. Sista alikuwa dirishani.

19 Julai. Saa 12.05. Limezima mara saba. Mama mjamzito aliyekuwa anapelekwa hospitali aliuliza kama anaruhusiwa kushuka asukume. Breki ngumu.

20 Julai. Jumapili. Limewashwa saa sita mchana, jua kali. Halikuzima hata mara moja. Breki laini.

Sista ameona daftari. Ameuliza ninaandika nini. Nimesema ninachunguza. Amesema, "Endelea kuchunguza. Tarehe thelathini na moja Agosti tutaongea."

Hata ukija siku moja tu, Mjomba. Nauli nitatoa mimi.

Bazilio


Kasulu
2 Agosti 1975

Bazilio,

Tuko wazima. Kikohozi cha Winifrida kimekwisha. Mahindi ya jirani yameliwa na nguruwe pori, yetu bado.

Nimesoma daftari lako mara nne. Injini kupenda joto si habari, injini zote hupenda. Kilichonikalisha chini ni breki. Uliiandika kama mtu anayeandika habari za mbuzi, na nje ya daftari, katika barua zako tatu, hukuitaja hata mara moja.

Breki yenyewe haijui baridi wala joto. Lakini gari hilo lina chombo cha kusaidia breki, lile kopo jeusi kubwa, na chombo hicho kinafanya kazi kwa mvuto wa injini, kwa mpira mmoja mnene wa kupitisha hewa, unaotoka kwenye manifoldi, bomba la injini la kuvutia hewa. Mpira huo ukitoboka, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Injini inavuta hewa isiyopitia kwenye kabureta, kwa hiyo haikai sailensa. Na breki inakuwa ngumu. Dalili mbili, tundu moja. Yule mtu wa malori alikuambia hivyo hivyo kwa maneno machache kuliko yangu.

Ila kuna jambo moja halikubali. Tundu halijifungi lenyewe saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mpira uliopasuka umepasuka asubuhi na umepasuka mchana. Kama kwako linaziba joto likija na kufunguka baridi ikija, basi juu ya hilo tundu kuna kitu kingine, kigumu na chenye nyufa wakati wa baridi, laini wakati wa joto. Kitu hicho si chuma, wala si mpira, wala si gundi ya dukani. Kwetu huku vitu vya namna hiyo si vingi, na kimojawapo kinauzwa soko la Kibondo kwa vipande vya manjano, pembeni ya madebe ya asali.

Swali la tatu nalirudia kwa mara ya mwisho. Umegusa nini chini ya boneti?

Kipriani


Kibondo
11 Agosti 1975

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia tarehe tano. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro, nikajiambia nitaijibu Jumapili. Jumatano ilitokea jambo nitakalokueleza. Kwanza nijibu swali.

Ni nta. Niliipaka mimi.

Mwezi Machi, wiki yangu ya pili kazini, niligundua kwamba bomba la ekzosi linapoanzia pale kwenye injini kuna nafasi ya kutosha viazi vitamu vitatu. Unavifunga kwenye majani ya mgomba, unaviweka pale, unaendesha kutoka Murungu mpaka hapa, unafungua boneti vimeiva. Haviungui, havina majivu, na ndani ni kama mkate. Kwa muda wa siku kumi nadhani hakukuwa na dereva aliyekula vizuri kuliko mimi katika wilaya hii.

Siku ya kumi na moja kiazi kimoja kilichoropoka kikabana nyuma ya manifoldi. Nilikisikia kinaungua. Ningeweza kukiacha. Kilikuwa kikubwa. Nilichukua spana ya magurudumu nikakichokoa, spana ikateleza, ikachana ule mpira unaousema. Kiazi nilikipata. Kilikuwa hakiliki.

Nikanunua nta, nikaichemsha kwenye kopo, nikaipaka mara tatu na kuzungushia kitambaa. Ilishika vizuri sana. Machi, Aprili na Mei hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe nilianza kusahau. Juni baridi ilipoingia na gari likaanza kuzima, naapa sikuunganisha mambo hayo mawili. Au niliunganisha, nikaamua kutounganisha. Nilikuandikia wewe nikitumaini utagundua ugonjwa mwingine.

Sista alishasema siku ya kwanza kwamba ndani ya gari hili hakiingii kitu kisichokuwa mgonjwa au dawa. Kiazi hakimo upande wowote.

Sasa hiyo Jumatano, tarehe sita. Saa kumi na mbili na nusu kulikuwa na mama wa kupelekwa hospitali, uchungu wa tangu jana yake, Sista alikuwa na wasiwasi naye. Walimlaza nyuma. Nikawasha. Lilizima mara nane. Mara ya tisa nilipokuwa ninavuta choki nikasikia sauti nyuma yangu ambayo haikuwa ya injini. Mtoto alikuwa amezaliwa, mbele ya mlango wa zahanati, gari halijasogea hata hatua moja. Wa kiume, kilo tatu. Mama mzima. Baba yake alinishika mkono akanishukuru kwa kusubiri, akidhani ndio utaratibu.

Sista hakunishukuru. Alinawa mikono, akapita karibu na dirisha langu, akasema, "Leo Mungu alikuwa na haraka kuliko wewe. Siku akikosa haraka, Bazilio, tutafanya nini?"

Yule mama angekuwa anatoka damu angefia nyuma yangu, kwa sababu ya kiazi. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu nione kama kuna namna ya kuifanya isiwe hivyo. Hakuna.

Niambie nifanye nini. Zimebaki siku ishirini. Harerimana amenunua viatu vya kazi.

Bazilio


Kasulu
19 Agosti 1975

Mpwa wangu,

Nilipofika kwenye kiazi nilicheka mpaka Winifrida akaja kuona nina nini. Nilipofika kwenye Jumatano niliacha.

Na mimi nina la kusema, na nitalisema haraka.

Sina karakana. Nina mashine ya kusaga. Mashine yenyewe ni ya Khatibu, ya dizeli, injini moja imefungwa kwenye saruji, haina magurudumu. Nilipokuandikia kwamba karakana imejaa nilikuwa nasema kweli kwa namna fulani, ilikuwa imejaa mahindi. Mwaka hamsini na tisa nilikwenda Kigoma kujifunza ufundi wa magari. Nilikaa miezi minne, nikiosha nati kwenye mafuta ya taa. Nilipoanza kuzijua kwa majina nikaugua, nikarudi. Dada yangu Esteri, mama yako, alishawaambia watu kanisani kwamba nimehitimu, na kulikuwa na watu wengi mno wa kuwarekebisha. Nimekuwa nikingoja wapungue kwa miaka kumi na sita.

Ndiyo maana sikuja. Ningekuja, ungefungua boneti, ukaniambia, "Haya Mjomba." Halafu?

Choki, plagi, pointi, chombo cha breki, yote hayo ni ya Abdalah, fundi wa malori hapa nyuma ya duka la Khatibu. Barua zako nilimsomea, kisha nikaandika majibu yake kwa sauti yangu. Amekuwa akinidai habari zako kila wiki. Alipenda sana ile honi.

La nta si lake. Abdalah alisema, "Hakuna tundu linaloziba kwa saa, huyo kijana anadanganya daftari." Mimi nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa najua tundu linaloziba kwa saa. Liko kwenye bomba la dizeli la mashine yangu. Nimekuwa nikilipaka nta tangu mwaka sabini na mbili, kila Jumamosi, maana dizeli inaila. Asubuhi za baridi wanawake wanapanga mstari na ndoo zao, mashine inakohoa, mimi nawaambia mafuta ya siku hizi ni mabaya. Wananionea huruma.

Kwa huyu kondakta, ambaye leo hana mfuko kwenye shati, kuna kifurushi. Ndani mna mpira mpya, Abdalah ameupima kwenye gari la namna hiyo hiyo, na klipu mbili. Ng'oa mpira wa zamani injini ikiwa baridi, nta ikiwa ngumu, usije ukaiangusha ndani ya manifoldi. Kwangua mpaka uone chuma. Vaa mpya, kaza klipu. Ni kazi ya dakika ishirini. Kwako weka saa nzima.

Baada ya hapo nenda kwa Sista umwambie, kabla ya tarehe thelathini na moja, gari likiwa limeshapona, ili asifikiri unaomba msaada. Mwambie viazi. Mwambie na habari zangu pia, kwa kuwa alikuchukua kwa jina langu na jina hilo halikuwa na kitu ndani. Akitaka kukufukuza kwa ajili yangu, atakuwa na haki, na mimi nitamwandikia mama yako mwenyewe.

Khatibu nimeshamwambia habari ya bomba. Aliniuliza kwa nini sikusema miaka mitatu iliyopita. Bomba jipya linatoka Kigoma Alhamisi.

Kipriani


Kibondo
4 Septemba 1975

Mjomba,

Shikamoo. Nawasalimu kwa Kiha: mwakeye nyote hapo nyumbani. Kifurushi kilifika tarehe ishirini na tatu. Mwambie Abdalah mpira umekaa kama ulizaliwa pale. Ilinichukua saa moja na nusu, kwa sababu klipu moja iliangukia kwenye kinga ya injini na nililala chini ya gari kuitafuta, na mbuzi alikuja.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na dakika tano, ukungu mpaka usoni, niligusa stata mara moja. Nikaondoa mguu. Gari lilinguruma peke yake. Nikashuka, nikasimama chini, sikujua mikono niiweke wapi.

Sista nilimwendea tarehe ishirini na tisa, Ijumaa, baada ya sala. Nilikuwa nimepanga maneno lakini yalitoka viazi kwanza. Nikamweleza spana, nta, Jumatano ile, daftari. Nikamweleza habari zako pia. Nilimwambia, "Mjomba wangu anasaga mahindi."

Aliniomba daftari. Alilisoma lote amesimama. Kisha akasema, "Hapa umeandika breki ngumu mara tano. Uligonga nguzo. Na bado uliwapakia wagonjwa wangu."

"Ndiyo, Sista."

"Ulijua?"

"Nilijua nisichotaka kujua."

Akaniambia nitoke nje ningoje. Harerimana alikuwa kwenye benchi chini ya dirisha, amesikia yote, amevaa vile viatu. Niliketi naye, nadhani robo saa. Halafu akaniambia polepole, bila kunigeukia, "Kule kwetu viazi tulikuwa tunaviweka juu ya bomba, nyuma kabisa, tunavifunga kwa waya. Hapo mbele ulipoweka wewe ni pabaya."

Sista alituita wote wawili. Alinipa karatasi. Sikuisoma hapo kwa sababu macho hayakukubali, kwa hiyo akaisema yeye. "Miezi sita hii nimekuwa nikimjaribu dereva asiyekuwepo, mwenye mjomba asiyekuwepo. Hao wawili siwaajiri. Wewe nimekuona leo kwa mara ya kwanza. Majaribio yako ni miezi sita, yanaanza Jumatatu." Kisha akamgeukia Harerimana, akamwambia kwamba kila Ijumaa akija kusafisha kidonda atakagua gari kabla, na neno lake kuhusu gari litakuwa juu ya langu. Harerimana akasema sawa. Mimi nikasema sawa pia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo mwambie mama, maana mimi naogopa, kwamba mwanawe bado anaendesha ambulensi, ila ameanza upya. Kuhusu wewe mwambie unavyoona. Nadhani mtu anayesaga mahindi ya nusu ya Kasulu anaweza kutajwa kanisani.

Kuna jambo moja jipya. Kila tunapotoka na mgonjwa, Sista anakuja kwenye mlango wangu, anaushika, anauliza, "Kuna la kuniambia kabla hamjaondoka?" Jumatatu nilijibu kwamba hakuna. Hakuondoka. Hakufunga mlango. Alisimama hivyo hivyo, injini ikinguruma vizuri, mpaka nikakumbuka kwamba tairi la akiba halina upepo.

Bazilio